Asipunguze Uzito

Jina la Winchi hakupewa na mama yake. Alipewa na madereva wa malori, siku ambayo mtaimbo wa gereji uliazimwa na jirani usirudi, na lori la mchanga limesimama juu ya jeki likingoja gurudumu la nyuma. Kwa kawaida gurudumu la namna ile, rimu na tairi pamoja, huviringishwa mpaka mahali pake, likachomekewa mtaimbo kwa chini na kupandishwa kidogo kidogo na watu wawili wanaolaumiana. Yeye aliinama, akalikumbatia, akasimama nalo, akalipachika kwenye boliti zake kama mtu anavyotundika koti. Madereva walipiga mbinja. Mmoja akasema gereji hii sasa ina winchi, na jina likamganda.

Kwa hiyo nguvu ilikuwa ndiyo jina lake. Asubuhi alifungua na kufunga matairi, jioni alikwenda kwenye jimu ya mjomba wake, kaka wa mama yake, iliyokuwa ghala la nafaka zamani: sakafu imepasuka, vioo viwili vikubwa ukutani, na vyuma vingi kuliko watu. Mjomba aliwahi kunyanyua vyuma mbele ya umati wakati wa ujana wake. Sasa alibaki na kitambi kidogo cha heshima na kidole cha kuwanyooshea watu makosa yao. Chuma kizito kuliko vyote mle ndani alikiita Mama Mkwe, na alikipa jina hilo makusudi. Mama Mkwe hushushwa kwa adabu, hagongi sakafu, wala huguni mbele yake. Aliyemwangusha alifagia jimu nzima huku wenzake wakimwonyesha kona alizoruka.

Miaka yote Winchi aliweza kumtikisa tu Mama Mkwe, akamwinua kidogo kutoka chini, akamrudisha. Kusimama wima naye hakuweza, na jambo hilo lilimkera kama jiwe kwenye kiatu.

Sindano zililetwa na jamaa mmoja wa mkoba mweusi, aliyependa kusimama nje ya jimu upande ambao mjomba hakuuona. Hakuuza kwa kelele. Alisema tu kwamba kila mwili una breki zake, na yeye anajua pa kuzilegeza. Winchi alijichoma msimu mzima, mlango wa bafu umefungwa, mkewe akidhani anaoga. Mwili ulijaa kama tairi linalotiwa upepo. Akasimama wima na Mama Mkwe, si mara moja, mara nyingi, mpaka mjomba akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Mkewe ni fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndicho duka lake. Alifumua mabega ya mashati yote ya mumewe, akaongeza vipande, baada ya muda akafumua tena.

"Ukiendelea hivi, bwana," alimwambia siku moja akiwa na pini mdomoni, "nitakushonea turubai."

Kisha yakaja mengine. Chunusi mgongoni kama mtoto wa shule. Moyo unadunda naye amekaa tu. Hasira za ghafla, mpaka akarusha spana ukutani kwa sababu chai ilikuwa na sukari kidogo. Na mtoto ambaye wamemngoja tangu waoane hakuonyesha dalili yoyote ya kuja. Ndipo mkewe akamshika mkono wakaenda zahanati. Daktari, mama mmoja mtulivu wa miwani, alimtazama mgongo, akampima presha, akamuuliza swali moja tu, na Winchi akasema kweli yote mbele ya mkewe.

Daktari hakumgombeza. Alimpima damu na mbegu za uzazi, na majibu yalipokuja akamweleza kwamba mwili una kiwanda chake cha kutengeneza kile alichokuwa akijidunga, homoni za kiume. Ukiletewa kutoka nje kila mara, mwili unafunga kiwanda na kuwaruhusu wafanyakazi waende nyumbani. Ndiyo sababu mbegu za uzazi zimepungua, na sindano zenyewe ndizo zilizopandisha presha. Aache, arudi kupimwa kila atakapoitwa, na awe na subira, kwa kuwa kiwanda kilicholala hakiamshwi kwa kupigiwa kelele. Winchi alisikiliza akitazama viganja vyake. Alipoambiwa aulize anachotaka, aliuliza kitu kimoja.

"Na misuli yangu je?"

Mkewe alifumba macho. Daktari akajibu kwamba sehemu yake ni maji tu, na hayo yataondoka apende asipende. Sehemu nyingine ni nyama ya kweli, na nyingi yake inaweza kubaki, kama katika miezi hii ambayo mwili hauna msaada atafanya mazoezi kwa akili. Amtafute mtu anayevijua vyuma vizuri.

Aliahidi kuacha, na aliacha. Lakini kichupa kimoja kilikuwa bado kizima, na muhuri wake. Mkewe alipomuuliza kama zimekwisha, akasema zimekwisha. Akakitia kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake ya zamani, ile iliyopasuka mabega alipoanza kujaa, inayoning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala ikingoja viraka. Hakuwa na nia ya kukitumia. Alitaka tu kujua kwamba kipo, kama dereva anavyotembea na tairi la akiba. Hapo ndipo alipojidanganya: kuficha kitu mfukoni, katika nyumba ya fundi cherehani.

Anayevijua vyuma alikuwa mjomba, na mjomba hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua pacha katika mji wa mbali, naye amekwenda kuwaona na kuwabeba mgongoni kwa zamu na bibi yao. Kumpigia nako kulikuwa shida. Simu ya Winchi ilidumbukia kwenye karai la maji la kupimia tyubu zilizotoboka, ikatoa mapovu kama tyubu yenyewe, ikanyamaza. Ikabidi mkewe ampelekee mjomba habari kwa simu yake, na mjomba akapiga mchana mmoja mke wa Winchi akiwa katikati ya kukunja pindo la sketi ya mteja.

Mtandao wa huko ulikuwa wa kukatika, na nyuma vichanga viwili vinalia kwa kushindana. Mjomba alimgombeza kwanza mpwa wake kupitia masikio ya mkewe, kwa kirefu, na baadhi ya maneno yale mke aliamua kutoyafikisha. Mwisho akasema:

"Sikiliza, mwanangu. Mwambie hivi. Asipunguze uzito. Apunguze kazi. Na alale vya kutosha. Mengine nikirudi."

Simu ikakatika. Mkewe hufikisha maneno kama anavyohamisha vipimo kutoka kwenye futi kwenda kwenye kitambaa, bila kuongeza wala kupunguza. Winchi aliporudi akamsomea yote matatu, neno kwa neno, na Winchi akayapokea kwa mikono miwili.

Asipunguze uzito. Kesho yake alipita kwenye duka la dawa lenye mizani mlangoni, akapanda na viatu vyake vya kazi, akakariri namba ile. Kuanzia hapo alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Mayai, wali, viazi, mkate na siagi, maziwa kwa jagi. Mkewe akipakua sahani mbili yeye alikula moja na robo tatu. Kila alipopita kwenye duka la dawa alipanda mizani, akashuka akitabasamu, maana namba haikushuka hata chembe. Ilipanda.

Apunguze kazi. Akamwendea tajiri wa gereji, akaomba awe anaingia baada ya chai na kutoka kabla malori makubwa ya jioni hayajafika. Tajiri akauliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Winchi akasema mgonjwa ni yeye. Tajiri aliitazama shingo yake, akasema kama huyu ni mgonjwa basi wazima anawaogopa, ila akamkubalia.

Alale. Hilo lilikuwa jepesi, kwa sababu kiwanda kikiwa kimefungwa usingizi ndio uliobaki na nguvu. Mambo mengine ya chumbani tuyaache chumbani.

Kuhusu jimu, Winchi aliona kwamba mjomba hakusema neno, kwa hiyo akatumia kichwa chake. Mwili umepoteza msaada, alijiambia, basi si haki kuubebesha mzigo ule wa zamani. Akatoa vyuma vikubwa, akaweka vile vidogo ambavyo wanaoanza huvigombania, halafu akafidia kwa wingi. Alinyanyua, akanyanyua, akabadili benchi, akanyanyua tena, mpaka mikono ikatetemeka na fulana ikatiririka jasho, na kesho yake akarudi kufanya vilevile. Aliliona jasho lile kama ushahidi. Winchi alimpita Mama Mkwe kwa mbali, akimwamkia kwa macho.

Wa kwanza kushuku alikuwa futi. Mkewe alitaka kumshonea shati jipya, akamsimamisha karibu na dirisha, akampitishia futi kifuani, mkononi, kiunoni. Akarudia mkononi. Kisha akairudisha futi shingoni mwake.

"Kifua kimepungua," alisema. "Mkono nao umepungua. Kiuno kimenawiri."

"Uzito wangu haujapungua," Winchi alijitetea. "Nimejipima jana."

"Haujapungua. Umehama nyumba."

Alicheka, na mkewe alicheka, lakini usiku ule, na kila usiku uliofuata, Winchi aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akiupima kwa vidole kama mnunuzi anavyobonyeza ndizi.

Jambo lenyewe lilitokea mchana. Lori la mchanga lilelile, au ndugu yake, lilikuja na gurudumu la nyuma limekwisha upepo. Madereva watatu walikuwa wamekaa kwenye matairi chakavu wakinywa soda, na mmoja wao alikuwepo siku ile ya jina. Gurudumu likazibwa, likajazwa, likaviringishwa mahali pake. Fundi mwenzake, mtu mwembamba anayeitwa Msumari, alishika mtaimbo, kisha akauweka chini kwa madaha, akampisha. Kila mtu alijua inayofuata.

Winchi aliinama, akalikumbatia. Likatoka chini. Likafika magotini, likafika mapajani, na hapo pakawa mwisho wa safari. Alisukuma kwa mgongo, akasukuma kwa tumbo lake jipya, rimu ikagusa boliti ya chini ikateleza. Gurudumu likamshukia taratibu mapajani mpaka akajikuta amekaa nalo sakafuni, amelipakata kama mtoto.

Madereva waliweka chupa zao chini. Kisha Msumari akaleta mtaimbo.

"Winchi," aliuliza kwa upole wa kuudhi, "leo umeme umekatika?"

Hapo wakacheka, hata tajiri dirishani. Winchi naye akacheka, maana usipocheka aibu inakuwa kubwa zaidi. Walilipandisha gurudumu kwa mtaimbo, yeye na Msumari, wakilaumiana kama watu wengine. Alipomaliza kukaza nati ya mwisho alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akasema anakwenda nyumbani mara moja, na njiani hakusalimu mtu. Alikuwa akifikiria tairi la akiba.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mguu unaenda, kitambaa cha maua kinatiririka mezani. Winchi alipita nyuma yake mpaka chumbani, akarudishia mlango, akaishika ovaroli na kutia vidole mfukoni.

Vidole havikuingia. Akadhani amekosea mfuko. Akaisogeza kwenye mwanga. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa, kutoka pembe hadi pembe, kwa uzi mnene uliokunjwa mara mbili, ule anaoutumia mkewe kwa magodoro. Mishono midogo, sawasawa, imebanana kama meno. Akabonyeza kwa nje. Kichupa kilikuwemo, kigumu chini ya kidole.

Chumba cha mbele, cherehani ikanyamaza. Ikaanza tena.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, ovaroli mapajani. Uzi ule angeweza kuukata kwa meno. Lakini kila mshono ulikuwa umewekwa na mtu anayejua anachofanya, na kuukata kungekuwa kama kumkatiza mtu maneno. Hatimaye akatoka, ovaroli mkononi, kwa sababu kujificha kulikuwa hakuna maana tena.

Mkewe hakuinua kichwa. "Wembe upo kwenye kopo la vifungo," alisema, "kama unauhitaji."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipotaka kuitia viraka. Nilikwambia nitaitia viraka."

"Mbona hukukitupa?"

Akaondoa mguu kwenye cherehani, akageuka, na Winchi akaona kwamba hana hasira hata kidogo, jambo lililomchanganya zaidi.

"Ningekitupa ungenunua kingine, na ungenificha vizuri zaidi. Nikikifunga, siku ukikitaka itabidi ukae chini, utafute wembe, ukate uzi wangu mmoja mmoja. Ndani ya muda huo unaweza kufikiri. Wewe ukipewa nafasi ya kufikiri huwa hukosei sana." Akachukua mkasi, akakata uzi wa kazi yake. "Halafu mjomba wako amerudi leo asubuhi. Amepita hapa, amesema anakungoja jimu."

Winchi alirudisha ovaroli nyuma ya mlango, mfuko na mishono yake, akaenda.

Jimu saa ile ilikuwa tupu. Mjomba alikuwa akipangusa benchi kwa kitambaa kilichonukia maziwa ya watoto. Alimtazama mpwa wake kuanzia juu kushuka chini, akafika katikati, akasimama hapo.

"Hongera, mpwa. Na wewe ni pacha?"

"Nimefuata maagizo yako, mjomba."

"Yapi?"

"Asipunguze uzito. Sikupunguza. Nimeongeza."

Mjomba aliacha kupangusa. Akauliza taratibu kwenye chuma anaweka kiasi gani siku hizi. Winchi akamwonyesha vile vyuma vidogo. Mjomba akauliza anavinyanyua mara ngapi. Winchi akasema hahesabu, mpaka mikono igome, kila jioni. Mjomba akavuta pumzi kwa pua.

"Na kazi, je? Umepunguza?"

"Nimepunguza. Siku hizi naingia baada ya chai."

Ilichukua muda. Kwanza mdomo wa mjomba ulitetemeka, kisha mabega, kisha akakaa kwenye benchi aliyokuwa ameipangusa na kucheka mpaka akafutia machozi kile kitambaa cha maziwa. Winchi alisimama mbele yake asijue aanze kucheka au kukasirika. Mjomba akamvuta mkono, akamkalisha.

"Uzito wa chuma, mpwa wangu. Nilisema usipunguze uzito wa chuma. Mimi mtu wa jimu, nikisema uzito nasema uzito gani mwingine? Na kazi ni kazi ya humu ndani, hizo raundi zako zisizohesabika. Wewe umekwenda kupunguza kazi ya mkate wako."

Winchi alitazama sakafu iliyopasuka. Kila neno alilishika, na kila neno alilishika kwa upande wa makali.

Mjomba alipopata pumzi alimweleza upya, na safari hii hakutumia yale maneno mawili. Misuli, alisema, ni kama mchukuzi. Mpe mzigo mzito, atajua bado anahitajika, atabaki. Mpe mzigo mwepesi kila siku, umemwambia hahitajiki tena, atafunga virago. Lakini zamani kulikuwa na dawa mle ndani inayorekebisha kila kilichochanika. Unaweza kunyanyua mpaka ulie, asubuhi uko mzima. Sasa mafundi wa marekebisho ni wachache, hadi kiwanda kifunguliwe. Ukiwaletea magari mengi kwa wakati mmoja, watatengeneza nusu na kuacha nusu.

"Mzigo uleule, safari chache," alimalizia. "Ukishindwa kuubeba uleule, shuka hatua moja tu, si ngazi nzima. Unanyanyua mara chache, unapumzika vizuri kati yake, hufiki pa kutetemeka. Kesho hurudi, unalala. Na unaondoka humu ukiwa bado na hamu."

"Mbona kwenye simu hukusema hivyo?"

"Pacha walikuwa wanalia."

Kuhusu sufuria, mjomba alisema mayai, maharage, samaki na maziwa vibaki kila siku, maana nyama hujengwa kwa vitu hivyo, ila sahani ya mkewe airudishe kwa mwenyewe.

Kesho yake Winchi aliingia gereji kabla ya tajiri, na tajiri akasema ugonjwa ule ulikuwa mzuri, aupate tena mwakani. Jioni alianza upya. Ilikuwa ngumu, lakini si pale alipotazamia. Vyuma vizito alivibeba. Mwili ulivikumbuka, kama mtu anavyokumbuka ngazi za nyumba yao gizani. Kilichomshinda ni kuondoka. Alimaliza raundi zake chache, bado ana pumzi, bado anataka, na kidole cha mjomba kinaonyesha mlango. Wenzake wanatiririka jasho, yeye anafunga kamba za viatu akiwa mkavu. Mmoja akamuuliza kama amekuja kusoma mita ya umeme.

Asubuhi nyingine aliamka mzito, moyo umefifia bila sababu, kama betri iliyoachwa nje. Daktari alikwishamwambia kwamba siku za namna hiyo zitakuwepo, na zikizidi asikae nazo kimya, aende amweleze. Siku hizo mjomba hakumbembeleza. Alimwekea mzigo uleule, safari chache zaidi, na kumpeleka nyumbani akale. Winchi alishangaa kuona kwamba siku mbaya ikipita, chuma kilikuwa palepale alipokiacha. Hakikurudi nyuma.

Futi nayo ikatoa ushahidi wake kidogo kidogo. Kiuno kilishuka. Kifua kilipungua upana wa kidole, kisha kikagoma kupungua tena. Mkono uliyumba, ukasimama. Mkewe alimpima tena kwa ajili ya shati lile jipya, akasema sasa anaweza kukata kitambaa bila wasiwasi, kwa sababu mtu huyu ametulia. Kwa Winchi hilo lilikuwa zuri kuliko mizani zote za maduka ya dawa.

Siku moja mjomba alimaliza kupangusa vioo, akasema bila kugeuka:

"Leo msalimie mkweo."

Winchi alipaka mikono chaki. Watu wakaacha walichokuwa wakifanya, maana walijua sindano zimekwisha na walitaka kuona kilichobaki. Akapanga miguu, akashika, akavuta kidogo kwanza, mpaka chuma kikakaza bila kuinuka, kama mjomba alivyomfundisha. Mama Mkwe akatoka chini. Magotini akapunguza mwendo, kama gurudumu lile, na Winchi akaisikia nafasi ileile ndogo ambapo mambo huamuliwa. Safari hii mgongo haukuomba msaada wa mtu. Akasimama. Wima kabisa, mabega nyuma, chuma kiunoni, na kwenye kioo akamwona mtu mwembamba kidogo kuliko yule wa msimu uliopita, mwenye uso uliotulia.

Kisha akamshusha, polepole, mpaka chini. Mjomba aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Sikusikia kitu," alisema.

Katika jimu ile hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Zamani angemnyanyua tena, na tena, awaonyeshe. Alichukua taulo yake, akaaga, akaondoka na hamu yake.

Haukupita muda mrefu, gurudumu nalo likaja, na Msumari akaweka mtaimbo chini kwa madaha yaleyale. Lilipoingia kwenye boliti zake, Msumari alizungusha nati ya kwanza kwa vidole, akasema kumbe umeme umerudi, na akataka kujua bili analipia wapi. Winchi akamwambia shika nati hizo, acha maneno.

Jumamosi alitoa ovaroli nyuma ya mlango, akaipeleka chumba cha mbele, akaiweka kwenye meza ya cherehani juu ya kitambaa cha mteja. Hakuwa ameutafuta wembe.

"Nifumulie," alisema. "Jumatatu nina kipimo cha damu. Nitampelekea daktari akiteketeze, wao wana pa kuteketezea."

Mkewe alisogeza kitambaa cha mteja pembeni. Halafu akachukua kifaa chake chembamba cha kufumulia, akaanza pembeni. Uzi wa godoro ulikatika mmoja mmoja, kwa mlio mdogo, na hakuharakisha. Kichupa kikamtokea kiganjani, na muhuri wake haujaguswa. Alikuwa bado amekishika simu ilipolia. Ilikuwa mjomba, na kwa sauti ile ya kusikika bila hata simu, alisema amwambie mpwa wake kwamba ametazama, ameridhika, na kuanzia wiki ijayo aongeze kidogo.

"Subiri, mjomba," mkewe alisema, akaibana simu kati ya bega na shavu, huku macho yanacheka kwa mumewe. "Aongeze nini? Kitaje kwa jina na ukoo wake."

Winchi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, anacheka mpaka kiti kinalia. Mjomba alitaja. Mkewe alirudia neno kwa neno, akakata simu, akakifunga kichupa kwenye kipande cha kitambaa na kukifunga fundo. Kisha akainyoosha ovaroli mezani, akapitisha mkono kwenye mabega yaliyopasuka, akaanza kutafuta viraka vya rangi inayofanana.